Aliyeumia Hakushika Kiberiti

Uholanzi, kwa miaka mingi fataki zimekuwa zikiuzwa siku tatu tu kwa mwaka, zile za mwisho kabisa wa Desemba, na sheria imekuwa ikiruhusu kuziwasha kuanzia saa kumi na mbili jioni ya tarehe 31 hadi saa nane usiku. Ndivyo ilivyoandikwa. Mtaani kwetu Rotterdam, ambako manispaa ilishakataza watu binafsi kuwasha chochote, milio huanza kusikika Novemba, jua linapozama mapema na vijana wamekosa cha kufanya. Ikifika siku yenyewe, kuanzia mchana huwezi kufungua dirisha. Harufu ya baruti inaingia kwenye mapazia, mbwa wa jirani anajificha bafuni, na mabasi husitisha safari za jioni.

Kuna uzuri pia, na sitaki kuuficha. Saa sita kamili watu wasiosalimiana mwaka mzima hutoka nje na makoti juu ya nguo za kulalia, wanapeana mikono na kubusiana mashavuni. Sahani za oliebollen zinapita, maandazi ya mviringo ya kukaangwa yenye sukari ya unga, ndugu wa damu wa kaimati zetu za Tanga. Upande wa mto, kwenye daraja la Erasmus, jiji hurusha fataki zake rasmi, na mbingu yote juu ya maji inageuka kijani, nyekundu na dhahabu. Nimeishi hapa miaka ya kutosha kuielewa furaha ile. Ndiyo maana naandika. Nisingesumbuka na jambo ambalo watu hawalipendi.

Mtoto wa jirani yetu wa chini, familia yenye asili ya Cape Verde, alikuwa na miaka sita. Alikuwa amesimama mlangoni kwao, nyuma ya bibi yake, koti limefungwa hadi shingoni. Ng'ambo ya barabara vijana walichomeka roketi kwenye chupa tupu, mmoja akaiwasha, wote wakakimbia kama inavyotakiwa. Chupa ikaanguka. Roketi ikatoka ikiambaa karibu na ardhi, ikapita kati ya magari mawili, ikampita bibi, ikamfikia mtoto jichoni. Tulisikia bibi akipiga ukelele kabla hatujamsikia mtoto.

Bibi alitaka kumwosha kwa maji ya bomba. Jirani mwingine, muuguzi, alimshika mkono akamzuia. Akachukua kikombe cha karatasi, akakikata, akalifunika jicho kwa kitako chake, kingo zikakaa kwenye mfupa wa shavu na wa paji, pasiguswe jicho lenyewe. Akakibana kwa plasta. Nilikuwa sijawahi kuona kitu hicho. Mama wa mtoto alikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo mimi na bibi ndio tuliompeleka hospitali.

Chumba cha kusubiri kilijaa. Wengi walikuwa wavulana na vijana wa kiume, wengine mikono imefungwa mabandeji. Lakini alikuwepo pia mwanamke wa makamo aliyekuwa akimtembeza mbwa, na baba aliyechungulia kutoka kibarazani. Mama wa mtoto alipofika akiwa bado na sare ya kazini, jambo la kwanza alilomwambia daktari halikuwa swali. Alisema, "Lakini mwanangu hakuwasha kitu." Daktari akamjibu kwa upole kwamba karibu nusu ya anaowapokea usiku ule kila mwaka hawakuwasha kitu.

Sentensi hiyo ilinikaa. Nikaanza kusoma.

Jicho limewekwa mahali pazuri. Mifupa ya uso imelizunguka, na kope hufumba kabla hujafikiri. Mpira wa miguu ukikupiga usoni, mifupa huupokea yenyewe. Fataki ni ndogo kuliko tundu la mifupa ile na ina kasi kuliko kope, kwa hiyo inafika. Ikigonga bila kuchana, jicho linabonyea na kurudi, na katika kubonyea huko sehemu za ndani zinachanika. Damu inajaa mbele ya mboni, lenzi inang'oka mahali pake au inaanza kufanya ukungu, retina, ule utando wa kule nyuma unaopokea picha, inachanika. Ikigonga kwa nguvu zaidi, au ikiwa na kipande cha plastiki ngumu au kijiti, ukuta wa jicho unapasuka na vilivyomo vinatoka. Juu ya hayo kuna moto, na kuna unga wa kemikali unaoendelea kuunguza hata baada ya moto kuzimika. Jeraha moja linaweza kuwa na yote: pigo, mchaniko, moto na kemikali.

Mtoto wetu alikuwa na damu mbele ya mboni. Alilazwa kichwa kikiwa juu ili damu itulie chini, akakatazwa kukimbia na kuruka, na presha ya jicho ikawa inapimwa kila siku, kwa sababu damu ile huziba njia za maji ya jicho, na presha ikipanda huua mshipa wa kuonea. Miezi baadaye lenzi ikawa nyeupe. Mtoto wa jicho, ugonjwa tunaoufikiria kuwa wa mabibi na mababu, kwa mtoto wa darasa la kwanza. Akafanyiwa upasuaji. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: jicho la mtoto mdogo lisipopeleka picha safi kwa muda, ubongo huacha kulisikiliza. Unaweza kulitengeneza jicho likawa zima na bado mtoto asione nalo vizuri. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa akizibwa jicho lake zima kwa kiraka, saa kadhaa kila siku, ili lile bovu lilazimike kufanya kazi. Nilikuwa namwona akishuka ngazi kwa kupapasa ukuta, analia kwa hasira, na mama yake akimwambia vumilia, bado kidogo.

Na hata aliyepona hajamalizana na jambo hilo. Jicho lililopigwa linaweza kupata presha ya macho miaka mingi baadaye, mtu keshasahau. Lililopasuka lina hatari nyingine, adimu lakini ya kutisha: kinga ya mwili inaweza kuligeukia lile jicho la pili, lisilo na jeraha lolote, wiki au miezi baada ya ajali. Ndiyo maana wakati mwingine daktari hushauri jicho lililoharibika kabisa litolewe. Huwa anaokoa lile lililobaki.

Haya yote yanajulikana vizuri hapa kwa sababu madaktari wa macho wa Uholanzi waliamua kuhesabu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 chama chao hukusanya taarifa za macho yaliyoumizwa na fataki kila mwaka mpya: mgonjwa ana umri gani, aliwasha mwenyewe au alikuwa akitazama, na jicho liliishia wapi. Daktari Tjeerd de Faber wa Hospitali ya Macho ya Rotterdam alizisema hesabu hizo redioni na kwenye televisheni mwaka baada ya mwaka, akitaka fataki za watu binafsi zikomeshwe, na akatukanwa sana kwa kutaka kuwanyima watu sherehe yao. Mwaka 2010 madaktari watatu wa Kiholanzi walichapisha mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali. Walikuta karibu nusu ya walioumia macho walikuwa watazamaji. Mmoja kati ya sita alibaki na upofu au uoni hafifu mno katika jicho hilo. Karibu 4 kati ya kila 100 waliondolewa jicho kabisa. Na katika nchi zenye sheria kali za fataki, majeraha ya macho yalikuwa pungufu kwa asilimia 87.

Ukiwa na tarakimu hiyo ya mwisho mkononi, mjadala unapaswa kuisha. Haukuisha. Nchi hii ilikuwa imeshaona kubwa kuliko hilo: tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki lililipuka katikati ya makazi mjini Enschede, watu 23 wakafa na mtaa mzima ukateketea. Baada ya hapo maghala yakabanwa kwa kanuni nzito. Mkono wa mnunuzi haukuguswa. Watu waliendelea kununua, na miaka ya karibuni mauzo ya siku zile tatu yamepita euro milioni 100.

Kilichofungua macho ya wengi ni korona. Mwishoni mwa 2020 serikali ilipiga marufuku karibu fataki zote za mkesha kwa sababu hospitali zilikuwa zimeelemewa. Mwaka uliotangulia watu karibu 1,300 walitibiwa majeraha ya fataki hospitalini na kwa madaktari wa zamu. Mwaka wa marufuku hawakufika 400. Mwaka uliofuata marufuku iliendelea, lakini watu wakaleta mizigo kutoka nchi jirani, idadi ikapanda karibu maradufu. Mauzo yaliporudi, idadi ikavuka tena 1,200. Hakuna mtafiti ambaye angepewa ruhusa ya kufanya jaribio kama hilo kwa taifa zima, ugonjwa ulilifanya.

Roketi na baruti za kishindo zilikuwa zimeondolewa madukani moja kwa moja tangu Desemba 2020, jambo ambalo bodi ya taifa ya kuchunguza usalama ilikuwa imelipendekeza tangu 2017. Kisha Aprili 2025 Bunge likapitisha sheria ya kukataza fataki za watu binafsi, na tarehe 1 Julai Seneti ikaikubali. Imepangwa ianze kufanya kazi mkesha wa kuingia 2027. Vikundi vya wakazi vitaweza kumwomba meya kibali cha kurusha kwa utaratibu, na vijiti vya kumetameta vitabaki kuuzwa. Hilo la vijiti linanipa wasiwasi kuliko wengi wanavyodhani. Kile kijiti anachopewa mtoto achore jina lake hewani huwaka kwa joto la kama nyuzi 1,000 za Selsiasi, na huwa kinashikwa kwenye kimo cha macho ya mtoto wa pembeni yake.

Wapo wanaosema mila zinauawa. Siwadharau. Vijijini mashariki mwa nchi hii, Drenthe na Overijssel, wana yao ya zamani: wanachukua mkebe mkubwa wa chuma wa maziwa, wanatia kabaidi, kemikali kama jiwe inayotoa gesi ya kuwaka ikikutana na maji, na maji kidogo, wanaufunga, wanaweka moto kwenye tundu la nyuma, na mkebe unapiga kishindo kinachosikika kijiji cha pili. Siku hizi wengi huziba mdomo wa mkebe kwa mpira badala ya kifuniko cha chuma. Mpira haumkati mtu. Kumbe mila inaweza kusogea kidogo na ikabaki mila, wenye mila wakiamua.

Kabaidi hiyohiyo ndiyo iliyonitoa machozi Oktoba 2025. Diwali ya mwaka ule, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, watoto waliuziwa bunduki za kienyeji zilizotengenezwa kwa bomba la plastiki na kiwashio cha jiko la gesi. Unatia kabaidi, unatia maji, unabonyeza. Isipolia mara ya kwanza, mtoto hufanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya: anachungulia ndani ya bomba. Hospitali za Bhopal na miji mingine ya jimbo zilipokea watoto zaidi ya 100 ndani ya siku chache, na baadhi yao hawataona tena kwa jicho lililochungulia. Bunduki yenyewe iliuzwa kwa rupia mia na kitu barabarani, na siku mbili kabla ya Diwali wakuu wa jimbo walikuwa wameshaagiza isiuzwe.

Nilipoisoma habari ile niliiona Tanga. Kabaidi ipo kwa mafundi wa kuchomelea kwa gesi, ipo kwa wanaoivisha ndizi kwa haraka. Bomba la plastiki lipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Na watoto wetu hawajawahi kushindwa kutengeneza mlio. Tulipokuwa wadogo, Krismasi na Idi zikikaribia wavulana walitafuta spoku ya baiskeli, wakaikunja, wakajaza ile chuchu yake unga wa vichwa vya njiti za kiberiti, wakaingiza msumari, kisha wakaipigiza ukutani. Ilikuwa inalia kweli. Msumari ule ulikuwa unaruka. Mtaa wetu alikuwepo kaka mmoja aliyekuwa na jicho jeupe, na sisi watoto tulijua ni "la baruti", na hakuna mtu mzima aliyelizungumzia zaidi ya kusema alikuwa mtundu.

Neno hilo, mtundu, limefunga kesi nyingi mno. Mtoto wa kule chini kwetu hakuwa mtundu. Alisimama nyuma ya bibi yake. Mwanamke wa yule mbwa hakuwa mtundu. Tukishasema aliyeumia kajitakia, hatuulizi tena nani aliuza, nani aliwasha, na watu walisimama umbali gani.

Mdogo wangu yuko Dar es Salaam. Karibu kila Desemba polisi hutangaza kukataza kuchoma matairi na kupiga fataki ovyo, na usiku wa mkesha ananitumia sauti ya mtaa wao, naisikia milio kama ya hapa. Siku hizi zimeingia hadi kumbini. Keki inaingia, cheche zinapanda pande zote mbili, na watoto wenye magauni meupe wamesogezwa mbele kabisa ili wapigwe picha. Nilimwuliza nani anapanga umbali. Akanijibu, "Dada, MC ndiye anasema sogeeni." Sogeeni karibu, yaani.

Shangazi yangu aliponisikia nikilieleza hili kwenye simu, alisema jicho likiumia dawa yake ni maziwa ya mama anayenyonyesha, yanatuliza. "Mwanangu, sisi tumekua na hayo." Nilimwambia, shangazi, shikamoo nakupa kwa mikono miwili, lakini kwa hili nisikilize. Jicho lililopigwa au kuchanika halitiwi kitu. Si maziwa, si asali, si maji ya majani, wala ile dawa ya matone iliyobaki kabatini tangu mtu mwingine alipougua, kwa sababu kilichomo kinaweza kuingia ndani ya jicho pamoja na vijidudu vyake. Halisuguliwi, halikandamizwi, na kitu kilichochoma hakichomolewi nyumbani. Linafunikwa kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kile kitako cha kikombe, na mtu anapelekwa usiku uleule. Asipewe aspirini, damu itazidi. Asile wala asinywe njiani, huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji. Na yule anayesema "haliumi sana, tusubiri kupambazuke" asisikilizwe. Jicho lililopasuka ndani wakati mwingine haliumi sana.

Kabaidi ni habari nyingine, na hapa shangazi alinisimamisha nirudie. Kabaidi ikikutana na maji huacha chokaa, na chokaa hula jicho kila dakika inayopita. Hiyo inaoshwa papo hapo, kwa maji safi mengi, kope zimefunguliwa, nusu saa nzima bila kuchoka, ndipo safari ianze. Shangazi akauliza, kama ni vyote viwili, pigo na chokaa? Swali zuri. Chokaa haingoji: maji yanamiminwa taratibu bila kukandamiza, kisha kikombe, kisha gari.

Safari yenyewe ndiyo inayonikosesha usingizi. Hapa tulifika kwa daktari wa macho kabla damu haijakauka kwenye koti. Kwetu, mtoto wa Pangani au wa Lushoto atapita zahanati, kisha hospitali ya wilaya, na huenda daktari wa macho wa kulishona jicho akapatikana Moshi au Dar es Salaam. Nauli itafutwe, baba apatikane, rufaa iandikwe. Kila hatua ni saa, na jicho lililo wazi linaharibika kwa saa. Kwa hiyo nchi yenye madaktari wachache wa macho ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kuizuia fataki isifike usoni kwa mtu. Tajiri anaweza kujidanganya kwamba atatibu.

Miwani inasaidia. Hapa wanunuzi wa fataki wamekuwa wakipewa miwani ya plastiki na kijiti kirefu cha kuwashia, lakini miwani hiyo anaivaa anayewasha, na mtazamaji anabaki macho wazi. Mimi ningeanzia kwa mtazamaji. Fataki ziwashwe na watu waliosomea, mahali pamoja, ufukweni au uwanjani, kamba ikiwa imevutwa mbali, na mtaa mzima uende kutazama. Nimeona Rotterdam inawezekana na watu wanafurahi vilevile.

Na ningeomba jambo moja kwa wauguzi na madaktari wa macho wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar: usiku wa mkesha na siku za Idi, wekeni daftari pale mapokezi. Mistari michache inatosha. Umri wake. Jicho lipi. Kilichompiga ni nini na kilinunuliwa wapi. Alisimama hatua ngapi kutoka kwenye moto. Amefika baada ya saa ngapi, na alitiwa nini jichoni kabla ya kufika. Mwisho, na huu msiuruke hata chumba kikiwa kimejaa: aliwasha, au alikuwa anatazama?